Mbwa Aliyegomea Viatu vya Liuhua

Mwenye nyumba wangu alianguka ngazini Ijumaa moja asubuhi, na mimi ndiye niliyesikia kishindo. Jengo zima lilitikisika, ghorofa tisa, mpaka sufuria yangu ya chai ikaruka jikoni. Kumbe mwenyewe ni bibi wa kilo arobaini, na hapo umempima na koti lake la baridi. Nilimkuta kakaa kwenye ngazi, mguu umegeukia upande ambao miguu ya binadamu haigeukii, na mkononi kashika kamba. Mwisho wa kamba kuna mbwa.

Hakuniambia nimsaidie. Hakuniambia nimwitie gari. Aliniambia, "Mshike mbwa."

Sasa nielewe vizuri. Mimi ni Mzaramo wa Kariakoo, Mwislamu mwana wa Waislamu. Nimekulia nyumba ambayo mbwa akipita uani tu, bibi anamwaga maji njia nzima aliyopita mpaka kwa jirani. Nimefika miaka hamsini na mbili sijawahi kumgusa mbwa. Mbwa nilikuwa namjua kwa mbali, kama ninavyomjua rais.

Nikaishika kamba.

Nikwambie kwa nini. Huyu bibi namwita dajie, ndiyo dada mkubwa kwa Kichina. Mwaka ule wa barakoa, wenye nyumba wengi hapa Guangzhou walikuwa wakisikia mgeni kakohoa wanabadilisha kitasa. Yeye alikuwa ananipandishia mchele na mayai mpaka mlangoni, wiki sita, na kila asubuhi ananigongea kuuliza kama bado napumua. Mtu aliyekugongea mlango wako akitaka uzima wako, siku akikupa kamba unashika. Hata kama mwisho wake kuna simba.

Hospitali ndiyo nikajua habari yenyewe. Yule mbwa hakuwa wake. Ni wa shule inayofundisha mbwa kuwaongoza vipofu. Shule inawapa watu watoto wa mbwa wawalee majumbani, wawazoeshe mji na binadamu, mpaka wakikua kidogo ndiyo wanachukuliwa kwenda kufundishwa kazi yenyewe. Dajie alishalea wawili kabla. Wa kwanza alikataliwa kwa sababu anaogopa lifti. Wa pili alikuwa anajua kila kitu, isipokuwa siku ya kuangaliwa alimwacha dajie katikati ya watu akafuata soseji ya mtoto. Huyu alikuwa wa tatu, ana miezi tisa, rangi ya chai ya maziwa, na shule walishamwambia dajie wazi: una miaka sabini na tatu, huyu ndiye wa mwisho. Akipita, tutaongea tena. Asipopita, asante sana, pumzika.

Na mguu, daktari kasema miezi mitatu. Na baada ya miezi mitatu hiyo ndiyo siku ya mbwa kuangaliwa.

"Wakimrudisha shule sasa hivi, nimeshindwa tena," dajie aliniambia, kalala pale, mguu umening'inizwa kama mzigo unaopimwa. "Watampa mwingine. Mimi nitakaa naangalia ukuta. Wewe una sauti, mdogo wangu. Mbwa anapenda mtu mwenye sauti."

Sauti ninayo, hilo halina ubishi. Mimi nikiita "laoban!" pale soko la Shahe, maana bosi yeyote wa duka hapa unamwita laoban, wanageuka mpaka mabosi wa Liuhua, soko jingine kabisa.

Siku mbili mbwa alibaki chumbani kwa dajie, mimi nikimshushia chakula. Siku ya tatu akaja mwalimu wa mbwa, binti mwembamba mwenye miwani na daftari, ana uso wa msimamizi wa mtihani. Akauangalia ushungi wangu. Akamwangalia mbwa. Akauangalia tena ushungi.

"Dini yenu inaruhusu?"

"Dini yetu inaruhusu kumsaidia mgonjwa," nikamwambia. "Hayo mengine ni maji na sabuni."

Akaandika. Sijui aliandika nini, mimi shule niliiacha darasa la pili na sikuwahi kuikumbuka. Halafu akanisomea masharti. Mbwa asipewe chakula cha watu. Asibweke ovyo. Asiwarukie watu. Akojoe kwa amri.

"Kwa amri?"

"Kwa amri."

Nikamwambia yule binti kwamba mume wangu wa kwanza niliishi naye miaka saba na hakufika darasa hilo. Hakucheka. Akaendelea: kila ninapokwenda, mbwa aende. Lifti, treni ya chini, sokoni, kwenye makelele. "Kipofu haishi porini," akasema. "Anaishi katikati ya watu. Mbwa anayeogopa watu hana kazi."

Nikasaini kwa niaba ya dajie, nikampandisha mbwa kwangu ghorofa ya sita. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na nililifanya kwa akili zangu zote, nikijisifu.

Kijumba changu kina korido nyembamba ukiingia, halafu chumba. Chumbani kuna kitanda, kuna mizigo ya nguo za watoto ninazotuma nyumbani, na kuna msala wangu. Mbwa hawezi kufika kwenye msala. Nikafikiria nijenge ukuta, nikafikiria niweke geti. Halafu nikaangalia mlangoni. Kwetu viatu vinaishia mlangoni, hakuna anayebishana na hilo, awe waziri au muuza maji. Basi na mbwa aishie hapohapo. Nikachukua viatu vyangu vyote, jozi kumi na nne, nikavipanga mstari mmoja, ukuta kwa ukuta, mwisho wa korido. Upande huu mbwa, upande ule mimi na Mola wangu.

Akiinua mguu tu kuvuka, nampa sauti: "Ah-ah!" Moja tu, ya Kariakoo. Siku ya kwanza alijaribu mara mia. Siku ya pili mara mbili. Siku ya tatu ungeweza kuweka kandambili moja katikati ya jangwa, yule mbwa angekaa nyuma yake mpaka kiama. Nikampigia dajie kumwambia mbwa wake ni profesa. Nikamsifu mbwa, nikajisifu na mimi, nikanywa chai.

Kilichonisumbua ni ulimi. Mbwa mkavu akikugusa na wewe mkavu, hakuna neno. Lakini mate ya mbwa kwetu yanaoshwa mara saba, na moja kati ya hizo saba kwa udongo. Na yule mbwa alikuwa na ulimi kama taulo la kuogea. Sasa udongo Guangzhou unaupata wapi? Huu mji wamemwaga zege mpaka kwenye mawazo ya watu. Nikanunua mfuko wa udongo wa maua, nikaoshea mkono, nikanusa. Mbolea ya kuku! Yaani nimetoa najisi kwa najisi.

Nikampigia ustadhi wetu, mzee wa Unguja anayefundisha watoto wa Waswahili jengo la pili kutoka kwangu. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka nikasikia mkewe anamletea maji.

"Mama, kwa nini unanitafutia kesi uzeeni?"

"Ustadhi, mimi nimeomba hukumu. Kicheko ninacho changu."

"Haya sikiliza. Unamlea awe macho ya kipofu, huyo ana kazi, siyo wa kuchezea. Mkavu kwa mkavu huna wasiwasi. Akikulamba, osha saba, moja kwa udongo twahara. Ukishaosha, sali. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Na udongo?"

Jioni akanitumia bati la maziwa limejaa udongo wa chungu chake cha mchaichai. Kasema humo anamwagia maji matupu. Basi nikashona dera moja la kijani, refu, mikono mpaka vidoleni, hilo likawa dera la mbwa. Nikiingia korido navaa la mbwa, nikivuka viatu navua. Kwa siku nilikuwa nabadilisha nguo kuliko bibi harusi.

Maneno yalianza ofisi ya kago, pale tunapopimia mizigo ya kwenda Dar. Mwenye ofisi ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, kwa hiyo matusi yetu hayana kesi. Nimeingia na mbwa, kikoti chake cha njano mgongoni, ametulia kama mtu aliyekuja kuposa.

"Dada, hicho ni nini?"

"Kitambulisho changu cha ukaazi."

"Wazaramo tulijua ngoma zimewamaliza. Hatukujua mmefika kwenye mbwa."

"Mnyamwezi nawe unaongea? Babu zako walibeba mizigo ya watu kichwani toka Tabora mpaka pwani. Wewe leo unabeba kwa kontena, unajiona mjomba wa Mchina."

Ofisi nzima ikacheka, lakini yeye akaacha kucheka mapema. Akainama juu ya meza.

"Bila utani, dada. Wateja watakukimbia. Mtu katoka Sinza kuja kukagua nguo za watoto, akute mbwa mlangoni? Mrudishe kwa wenyewe. Huyo siyo wa kwetu."

"Hata wewe hapa siyo wa kwao," nikamwambia, "na bado hujarudishwa."

Nikaondoka na mbwa wangu, mkia juu. Wa mbwa. Mimi nilikuwa na kidevu.

Na ni kweli, mteja mmoja alinihama. Alifika mlangoni, akaona pua nyeusi nyuma ya viatu, akarudi na lifti ileile aliyopandia. Nikamtakia heri. Jirani yangu mlango wa pili ndiye aliyenishika mkono, mama mmoja Mkongomani wa Lubumbashi, Mkristo, ananunua mawigi. Siku ya kwanza kumwona yule mbwa amekaa kimya mbele ya mstari wa viatu, alipiga makofi.

"Mais maman! Hii imbwa iko na heshima kupita bwana yangu!"

Kila akipita anamsalimia, "Bonjour, monsieur." Mbwa anatikisa mkia. Nikamwambia usimwite bwana hivyo, atajiona ana vibali.

Lakini korido siyo mji. Mwalimu kasema sokoni, na soko langu ni Shahe. Kama hujafika Shahe, chukua nguo zote za dunia, zikoroge kwenye ndoo moja, halafu ongeza watu wa kuzibeba mgongoni wanaokimbia bila kuangalia. Nilikwenda saa mbili asubuhi, wakati wanunuzi wa alfajiri wamepungua. Mlinzi wa geti akainua mkono.

"Buxing!"

Buxing ndiyo haiwezekani. Ukikaa China miaka kumi na moja, hilo neno unalisikia mpaka usingizini. Nikamwonyesha barua ya shule, ina muhuri mwekundu mkubwa kama sahani. Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Hapa pameandikwa jina la bibi wa Kichina. Wewe siye."

"Bibi kavunjika mguu. Unataka nikubebee mguu uuone?"

"Mbwa buxing."

Nikasogea pembeni. Siyo pembeni sana, hatua mbili, palepale mdomoni mwa geti, nikakaa juu ya kifurushi changu. Mbwa akakaa. Nikapiga simu kwa laoban mmoja wa kike, ninamnunulia suruali za watoto miaka yote hiyo, duka lake ghorofa ya tatu. Nikamwambia kwa sauti yangu ile, ili na mlinzi asikie, "Bosi, leo sipandi. Mbwa wangu kakataliwa. Mbwa asipoingia na mimi siingii, na mimi nisipoingia zile suruali mia nne ulizonifungia, vaa mwenyewe."

Hazikupita dakika tatu. Yule mwanamke alishuka ngazi kama maji ya mvua. Hakunisalimia hata. Alimwendea mlinzi akamwaga maneno ambayo mengine siyajui mpaka leo, na ninayoyajua siwezi kuyarudia. Nyuma yake wakashuka mabosi wengine wawili kuuliza kuna nini, wakaambiwa, nao wakaanza. Foleni ya mikokoteni ikafika barabarani. Mwisho mlinzi akatoa mkono njiani, akageuka kuangalia ukuta, kama kwamba ukuta ndio uliomwambia afungue.

Tukapita. Kuanzia siku hiyo mara tatu kwa wiki tulikuwa Shahe. Mbwa alijifunza kuukwepa mkokoteni unaokuja nyuma, kusimama ngazi zinapoanza, kukaa chini ya meza ninapobishana bei, na mimi kubishana bei siyo kazi ya dakika kumi. Nilimvusha barabara zenye pikipiki za umeme zisizo na mlio, zile zinazokuja kama majini. Mwezi wa pili ukaisha, wa tatu ukaanza. Nikimpelekea dajie habari, anataka kila kitu: amekula saa ngapi, lifti kaingia mguu gani. Alikuwa anahesabu siku kuliko mfungwa.

Siku ikafika. Mwalimu akachagua mahali mwenyewe: Liuhua, karibu na stesheni ya treni, barabara ya maduka ya jumla. Dajie akaletwa na gari, mguu bado una bandeji ngumu, akawekwa kwenye kiti cha kusukumwa mwanzoni mwa barabara ili aone. Kashika begi lake mapajani kwa mikono miwili kama anayesubiri kuitwa mahakamani.

Masharti yalikuwa mafupi. Mimi nitembee na mbwa kutoka huku mpaka ile kona, nisimvute, nisimbembeleze. Yeye mwalimu anafuata na daftari.

Tulianza kama wafalme. Mabegi ya magurudumu yanapita, mbwa anapisha. Kontena linashushwa, mlango unapigwa bumu, hata sikio halikucheza. Mtu kamtupia kipande cha nyama ya mshikaki karibu na mguu, sijui kwa shari au kwa huruma, mbwa akakinusa hewani akakipita. Nikasema moyoni, soseji imezikwa leo.

Tukakunja upande wa viatu.

Sikuwa nimefikiria. Naapa sikuwa nimefikiria. Duka la kwanza lilikuwa limetandika viatu chini, nje, mpaka katikati ya njia, mistari na mistari, raba, makubazi, viatu vya shule, jozi labda mia tano. Mbwa akaviona. Akasimama. Akanigeukia, akaniangalia kwa heshima zote, halafu akakaa.

"Twende," nikamwambia.

Akalala.

Nikamwambia twende kwa Kichina, kwa Kiswahili, kwa Kizaramo. Mbwa kaweka kidevu chini, pua sentimita moja kutoka kwenye raba ya kwanza, kanitolea macho, kama anasema, mama, wewe mwenyewe si ndiyo ulisema? Watu wakaanza kukusanyika. Wenye duka wakatoka. Wakapiga picha. Mbwa wa kuongoza vipofu amegoma Liuhua kwa ajili ya viatu! Na huko mwanzo wa barabara dajie kainuka nusu kwenye kiti, anajaribu kuona kuna nini, na haoni.

Mwalimu akafunua daftari.

"Usiandike," nikamwambia.

"Ameshindwa kuendelea. Lazima niandike."

"Hajashindwa. Amefanya nilichomfundisha. Mimi ndiye nimekosea, niandike mimi."

Nikamweleza palepale, katikati ya watu, habari ya korido na jozi kumi na nne na msala. Kichina changu ni cha kununulia suruali, sikijui cha dini, kwa hiyo msala niliueleza kwa mikono, nikainama, nikasujudu nusu. Yule binti akanisikiliza. Mara ya kwanza tangu nimjue, mdomo wake ulitikisika pembeni.

"Kwa hiyo viatu kwake ni ukuta," akasema.

"Ukuta wa China."

"Hata kama. Kipofu atakayekwama mbele ya kila mlango wenye viatu atafanyaje?"

 Kukosa jibu kwangu hakujawahi kunifunga mdomo. Nikamwambia, "Niliyeweka ukuta siku tatu, nitauvunja siku kumi. Nipe siku kumi. Ukikataa nitalala hapa na mimi, pembeni yake, na leo mtatubeba wawili." Nikalikunja dera langu la kijani, nikaanza kushuka chini kweli. Na mimi si wa kilo arobaini.

"Siku kumi," akasema haraka. "Mahali hapahapa. Hakuna ya tatu."

Dajie nilimwambia mwenyewe, sikumficha. Hakunilaumu. Aliangalia bandeji yake, akaniuliza tu, "Siku kumi zinatosha?" Nikamwambia zinazidi. Uongo mtupu, lakini niliusema kwa sauti nzuri.

Kuvunja huo ukuta hakukuwa kazi ya mbwa, ilikuwa kazi yangu. Ilibidi avuke. Yaani aingie upande wangu. Usiku wa kwanza nilikaa kitandani nikivitazama vile viatu mpaka miguu ikafa ganzi. Asubuhi nikaukunja msala, nikaufunga kwenye mfuko safi, nikaupeleka kwa mke wa ustadhi. Nikamwambia kwa siku kumi nitasalia kwenu, vipindi vyote ninavyokuwa nyumbani. Akanipokea mlangoni, akanipa na kanga. Halafu nikarudi nikavisambaza viatu nyumba nzima kama vimepigwa na kimbunga.

Jozi kumi na nne hazikutosha. Mbwa alishazijua kwa majina. Mama wa Lubumbashi akaleta zake ishirini, za visigino virefu, akazipanga mwenyewe korido ya jengo huku anaimba. Vikabaki viatu vya wanaume. Nikaenda ofisi ya kago.

"Vua viatu," nikamwambia Mnyamwezi.

"Kuna msiba?"

"Vua. Na wateja wako wavue."

"Dada, sasa imefika huku? Kiatu changu akikanyage mbwa?"

"Hakanyagi, anapita pembeni. Wewe ulisema siyo wa kwetu. Sasa kakosa kwa sababu ya sisi, kwa adabu zetu za mlangoni. Akikataliwa, kakataliwa na sisi. Yule bibi atakaa anaangalia ukuta kwa sababu ya Waswahili. Unataka hilo?"

 Akaangalia viatu vyake, vya ngozi, vya ncha, vimeng'aa mpaka unajiona meno. Akavua. "Ukivirudisha na mate, dada, utavibusu," akasema. Wateja watatu wakavua na wao. Nilitoka pale na mfuko wa viatu, watu wanne wamebaki na soksi wanapima mizigo.

Kila siku, asubuhi na alasiri, tunatembea. Mwanzo alikuwa anafika kwenye kiatu anakaa. Simfokei, simvuti. Nakaa naye. Nasogeza kiatu kidogo, inapatikana nafasi, naenda mbele, namwita. Anaweka mguu, anauangalia, ananiangalia, anasubiri "Ah-ah!" ya Kariakoo. Haiji. Mimi kunyamaza! Dunia haijawahi kuona adhabu kama ile. Siku ya nne alipita viatu sita. Siku ya saba alivipita vyote, tumbo linagusa sakafu, anatembea kama mwizi. Siku ya tisa alipita ameinua kichwa. Siku hiyo alinilamba mkono mzima mpaka kiwiko, na nikaosha saba huku nacheka peke yangu bafuni.

Siku ya kumi, Liuhua. Dajie kwenye kiti chake palepale, safari hii kavaa koti jekundu. Mwalimu na daftari. 

Tukafika kwenye viatu. Safari hii wenye duka walitandaza zaidi, nadhani walishasikia. Mbwa akasimama.

 Mdomo ukajaa maneno, nikaung'ata. Mwalimu akashika kalamu. Mbwa akaangalia mistari, kushoto, kulia. Hakuniangalia mimi. Halafu akakunja, akanivuta taratibu upande wa kushoto, palipobaki kijia kama upana wa ndoo mbili, akanipitisha, mguu wangu haukugusa hata kamba ya raba. Akanifikisha kona. Akakaa.

Mwalimu aliandika kwa muda mrefu kuliko barua ya posa. Halafu akafunga daftari, akasema, "Amesimama kwanza, akatafuta njia. Hivyo ndivyo inavyotakiwa." Akaenda kumwambia dajie. Mimi sikusikia walichosema, niliona tu koti jekundu linatikisika.

Walimchukua siku hiyohiyo. Sikujua kwamba ingekuwa siku hiyohiyo. Gari jeupe, mlango wa nyuma, kikoti cha njano. Hakulia, wala mimi sikulia. Jua la Liuhua tu lilikuwa kali, lilimchoma macho hata Mnyamwezi, aliyekuja, kasema, kukagua viatu vyake.

Bado ana mwaka wa kufundishwa, na kwenye kufundishwa wengi hukataliwa. Sijui kama atafika. Lakini hakukataliwa kwa sababu yetu.

Baada ya wiki nikamsukuma dajie na kiti chake mpaka ofisi ya shule. Walisema akipita tutaongea, basi tumekuja kuongea habari ya mbwa wa nne. Wakamwambia umri. Nikawaambia umri anao yeye, miguu ninayo mimi, andikeni wawili. Wakasema mgeni buxing. Nikauliza karatasi inayosema hivyo iko wapi, wakasema wataitafuta. Tulirudi wiki iliyofuata, walikuwa bado wanaitafuta. Tukarudi tena, wakasema mkubwa kasafiri.

Jumatatu tunakwenda tena. Dajie sasa anatembea kwa fimbo, na mimi nimekwisha mwambia avae lile koti jekundu.